Somo, kudarizi kwangu kumekuwa kosa ndani ya nyumba

BARUA

Somo yangu, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 29, naishi hapa Tanga, Ngamiani, katika nyumba ya wakwe zangu. Mume wangu ni fundi bandarini, anafanya kazi kwa shifti. Tuna mtoto mmoja wa kiume, ana miaka miwili na miezi minne, mzima, mchangamfu, hakai chini. Kwa hilo namshukuru Mungu. Kilichonifanya nikuandikie ni jambo ambalo nikiwaeleza watu wanaliona dogo, lakini mimi linanila ndani kwa ndani.

Nadarizi kofia. Nilifundishwa na bibi mzaa mama kule Pangani, nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Kila likizo tulikuwa tunakaa uani, yeye na bafta yake, kile kitambaa cheupe cha kofia, mimi na kipande changu. Yeye anatoboa vishimo, mimi navizungushia uzi, na nikikosea ananifumulisha nianze upya. Mpaka leo nikishika bafta na sindano kichwa changu kinatulia. Kofia aliyovaa mume wangu siku ya nikahi niliidarizi mwenyewe, na mama mkwe aliisifu mbele za watu. Nilipokuwa na mimba nikaanza nyingine, ya Idi, yenye maua niliyoyabuni mwenyewe. Nilipojifungua ilikuwa imefika nusu. Mpaka leo iko nusu.

Naamka alfajiri, nachemsha chai, nakaanga vitumbua, namtayarishia mtoto uji. Kisha kufagia, nguo, sokoni, jiko la mchana. Mtoto analala saa saba, anaamka saa nane na nusu, na muda huo ndio naosha vyombo na kuanua nguo. Jioni ni kumwogesha, chakula cha usiku, na wote wakishalala mimi nami sina macho tena.

Nimejaribu kudarizi yeye akiwa macho. Siku moja alichukua mkasi akaikata nyuzi yangu yote ya hariri. Siku nyingine sindano ilipotea mkekani, tukaitafuta nyumba nzima, wifi yangu akaja juu kwamba nitamuua mtoto kwa mambo ya usichana. Sindano ilionekana, lakini maneno yamebaki. Sasa hivi nikitoa kile kiboksi changu cha nyuzi, nasikia mtu anaguna.

Mama mkwe si mtu mbaya, Somo, naomba nisieleweke vibaya. Ananipenda na anampenda mjukuu wake. Lakini kwake kudarizi bila kuuza ni kupoteza muda. Ameniambia mara nyingi, "Mkono mtupu haulambwi." Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe kila alasiri yuko barazani anasuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoungwa ukawa mkeka, na hakuna anayemuuliza kitu, kwa sababu mkeka wake unakaliwa.

Nikaona basi niwaridhishe. Rafiki yangu akazipiga picha kofia zangu mbili za zamani akazirusha kwenye kundi la WhatsApp, na watu wakataka. Nilipokea advansi ya mtu mmoja. Tangu siku ile raha yote ikatoka. Nilikuwa nadarizi usiku kwa taa, macho yanawasha, mteja ananiuliza kila siku imefika wapi, mtoto akinisogelea namfokea. Mwisho nikamrudishia mtu hela yake, na nyumbani ikawa, "Unaona sasa?"

Siku hizi nampa mtoto simu atazame katuni ili nipate kushona mistari miwili mitatu. Anatulia kweli, ila nikiichukua anajitupa chini na kulia mpaka jirani anauliza kuna nini. Na mimi kwenye simu hiyo hiyo naona akina mama wenzangu, nyumba zinang'aa, watoto wasafi, na kazi zao za mikono zimepangwa mezani kama dukani. Nabaki kujiuliza wao wanapata wapi huo muda.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Huwa natunga mashairi. Mistari inanijia nikiwa nafua, na nikimaliza kuanika imeshapotea.

Mume wangu hasemi kitu. Hanikatazi, hanitetei. Nikikaa na kofia anapita tu.

Naomba uniambie ukweli, Somo. Niiweke hii kazi mpaka mtoto akue aende shule? Au kutaka kitu changu mwenyewe wakati nina mtoto mdogo ni ubinafsi?

Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usiiweke. Ubinafsi haumo humu, na nitakueleza kwa nini. Ila kwanza tumalize la sindano, kwa sababu hapo wifi yako ana haki, hata kama ulimi wake ulikuwa mkali.

Mtoto wa umri huo anakijua kitu kwa kukitia mdomoni. Kwa hiyo sindano zako ziwe na hesabu. Ukikaa unazihesabu, ukiinuka unazihesabu tena, hata kama umeinuka kwenda kutazama sufuria tu. Zikae kwenye kopo la kifuniko cha kuzungusha, na kopo likae juu ya kabati. Usiziache zimechomekwa kwenye bafta, wala kwenye kanga uliyovaa, kama wengi tulivyozoea. Mkasi utundike kwenye msumari mrefu kuliko mkono wake akiwa amesimama juu ya kiti. Muombe fundi redio yeyote sumaku ya spika mbovu. Ukimaliza kazi, ipitishe juu ya mkeka na pembeni mwake. Sindano ya chuma haiwezi kuikwepa.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, amemeza sindano au umeshuku amemeza, usimtapishe. Usimlishe ugali wala ndizi ili kuisukuma, kama tunavyofanya kwa mwiba wa samaki. Mchukue hospitali saa hiyo hiyo. Nakuongezea na jambo ambalo halihusu kofia, kwa kuwa naona watu wengi hawalijui: zile betri ndogo za duara, za rimoti, saa na midoli ya taa, zina hatari kubwa kuliko sindano. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Hiyo nayo usingoje uone kama itatoka.

Ukishaweka utaratibu huo, utaweza kumjibu wifi yako kwa vitendo. Mwoneshe kopo, mwoneshe sumaku. Mtu aliyepata hofu kwa ajili ya mtoto wa kaka yake anastahili kuona kwamba hofu yake imesikilizwa.

Sasa turudi kwenye swali lako. Zile kofia za mkono ambazo wanaume wa pwani hii wanavaa Idi na harusini, unadhani zilidariziwa na nani? Na wanawake waliokuwa na watoto miguuni. Bibi yako wa Pangani hakungoja wanawe wamalize shule ndipo atoboe kishimo cha kwanza. Alichokuwa nacho yeye ambacho wewe hujakipata ni ua lenye watu: mmoja anapepeta mchele, mwingine anasuka nywele, na mtoto anazunguka kwa wote. Wewe ua unalo na watu unao. Kilichotokea ni kwamba kazi yako imekuwa ya kujificha, inafanyika pale tu ambapo hakuna anayeona, na kitu cha kujificha watu hukitilia shaka hata kikiwa halali.

Itoe barazani. Na hapo ndipo nataka tumzungumze mama mkwe wako, kwa sababu katika barua yako nzima mstari ulionifurahisha ni ule wa ukili wake.

Kofia inataka macho. Uzi mweupe juu ya bafta nyeupe, ukigeuka kumtazama mtoto umeshapoteza kishimo. Ukili hautaki macho, unataka vidole. Mwanamke anasuka huku anaongea, huku anamtazama mtoto anapanda ngazi ya baraza, na akihitaji kuinuka anauacha pale alipofika, akirudi anaendelea. Hauna sindano mpaka ufike wakati wa kuunga mkeka. Kwa mama wa mtoto wa miaka miwili hakuna kazi ya mikono inayokubali kukatizwa kama hiyo. Basi alasiri moja nenda ukakae karibu na mama mkwe, mwambie, "Mama, naomba unifundishe."

Usiende kwa hila, nenda kwa sababu kweli ana ujuzi ambao wewe huna. Mwulize ukindu anaupata wapi, anauchagua vipi, rangi anaichemshaje ili isichuje mtu akikalia na nguo nyeupe, anaanza na chane ngapi, yaani vipande vingapi vya ukindu uliochanwa. Utaona uso wake. Mama huyo amekaa na maarifa yake miaka yote, na pengine wewe ndiwe wa kwanza katika nyumba hiyo kumwomba. Akikufundisha ukili, ataanza pia kuiangalia kofia yako kwa jicho la mtu wa kazi, atauliza ule ua umeuzungushaje. Mimi nimeona nyumba nyingi ambako maneno kati ya mkwe na mkamwana yalipoa kwa kukaa kwenye jamvi moja mikono ikiwa na kazi. Kabla ya hapo vikao vya wazee havikuwa vimefanikiwa.

Kwa hiyo mtoto akiwa macho, ukili. Mtoto akilala, kofia. Na hapa nitakuwa mkali kidogo: ule usingizi wa saa saba usiufanye wa vyombo. Nusu saa ya kwanza ni ya bafta yako. Kaa kwenye mlango wa ua, mwanga wa mchana upo, macho hayataumia kama yalivyoumia kwa taa. Vyombo vitaoshwa ikifika saa saba na nusu, au mtoto akiamka, naye atakusaidia kwa furaha kumwaga maji. Mtu akiguna kwamba vyombo vimelala, mjibu kwa upole kwamba vitaamka sasa hivi. Nakuhimiza kwa sababu huo usingizi wa mchana haudumu. Watoto wengi huanza kuuacha wakifika miaka mitatu na kuendelea. Utumie wakati upo.

Nusu saa unaiona ndogo. Lakini kazi ya vishimo ndivyo ilivyo siku zote, inakwenda kishimo kwa kishimo, na kofia nzuri ya mkono hula wiki nyingi hata kwa mwanamke asiye na mtoto. Hakuna anayekukimbiza.

Na yeye mwenyewe mpe kazi yake. Mtoto anayekuona umeinama juu ya kitu kwa mapenzi lazima akitake, na alipokata hariri yako alikuwa anakuiga. Chukua kipande cha boksi gumu, toboa matundu makubwa ya kupita kidole, mpe kamba ya kiatu yenye ncha ngumu, apitishe na kutoa. Sisi watu wa Tanga tumezaliwa kwenye mkonge: mpe fungu la katani achambue na kufunga mafundo, ila ziwe nyuzi fupi zisizofika kuzunguka shingo, na ukiwa unamwona. Kwenye ukili mpe chane zilizobaki. Mama mkwe atamtengenezea kititia cha jani la mnazi, akimbie nacho uani kizunguke kwa upepo. Usitegemee atulie muda mrefu. Dakika kumi kwa mtoto huyo ni nyingi. Atakuja, atavuta, ataondoka, atarudi. Panga kazi inayovumilia hivyo na hutakuwa na haja ya kumfokea.

Hilo linatufikisha kwenye simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo huo unasema wa umri wa mwanao anahitaji muda wa saa 11 hadi 14 za usingizi, ukijumlisha na ule wa mchana, na muda usiopungua saa tatu za kucheza na kuushughulisha mwili zilizotawanyika siku nzima. Mwanao hayuko kwenye hatari kwa katuni alizotazama mpaka leo. Kinachomfanya ajitupe chini ni kwamba hajui simu inakuja lini na inaondoka lini. Kwake inakuja mama akitaka kushona na inaondoka mama akiamua. Ipe wakati wake mmoja, kwa mfano baada ya kuoga jioni, katuni mbili, ukiwa umekaa naye, na ya pili ikiisha simu inakwenda kabatini mbele ya macho yake. Atalia siku za mwanzo. Usimrudishie. Na usiitumie tena kununulia nafasi ya kofia, kwa sababu utakuwa unamfundisha kwamba kila ukishika sindano yeye anadai simu.

La biashara nimeliacha mpaka hapa kwa sababu najua ndilo lililokuumiza. Ulifanya vizuri kurudisha ile advansi. Usipokee nyingine. Sipingi mwanamke kupata chake, nimewapigania wengi wapate mitaji ya kuuza maandazi na vitenge, lakini kuna vitu mtu anavifanya kwa sababu vinamrudishia roho yake, na ukivitia deni ndani yake, roho haipumziki tena. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ukishika bafta kichwa kinatulia. Mama wa mtoto mdogo mwenye kichwa kilichotulia ni faida ya nyumba nzima, na anayefaidi wa kwanza ni yule mtoto.

Mwanamume akienda uwanja wa Mkwakwani kuwatazama Coastal Union wakicheza mpira, hakuna anayemuuliza amerudi na shilingi ngapi. Akikaa barazani na bao tangu alasiri mpaka magharibi, ataitwa aje kula. Wote tunaelewa kwamba mtu aliyefanya kazi anahitaji pa kupumzikia. Nakuomba uamini kwamba nawe umefanya kazi tangu alfajiri, na kwamba pumziko lako ni sindano. Mama mkwe akikuambia tena mkono mtupu haulambwi, usibishane naye. Mwambie, "Kweli mama, na huu nitaujaza kofia ya mwanao."

Ikitokea baadaye, mtoto amekua na wewe unataka mwenyewe, uza kofia iliyokwisha kumalizika. Anayeitaka aione, ailipie, aondoke nayo. Hapo hakuna wa kukuuliza kila siku imefika wapi.

Nakuja kwa mumeo. Umesema hakukatazi wala hakutetei, anapita tu. Wanaume wengi wa kwetu wakiona jambo liko kati ya mke na mama, wanakaa kimya wakidhani kimya ni heshima. Usimhukumu bado. Ila umwambie, na usimwambie kwa mafumbo. "Nisaidie" ni neno kubwa mno, mtu hajui ashike wapi. Mwambie hivi: "Siku yako ya mapumziko, asubuhi, naomba umchukue mtoto mtoke naye mpaka adhuhuri." Amkalishe mbele kwenye baiskeli, mji wetu huu wa baiskeli, waende Bustani ya Jamhuri wakatazame meli, au wateremke ufukweni Raskazone wakacheze mchanga. Watoke kabisa. Wakibaki nyumbani, mtoto atalia mara moja na wewe utaiacha bafta kabla baba hajainua kichwa. Na akirudi naye amepakwa mchanga mpaka masikioni, kofia ya jua imesahauliwa, usimkosoe. Akikosolewa mara mbili tatu hataomba tena kutoka naye.

Mwoneshe na ile kofia ya Idi ilipofika. Inawezekana hajui kwamba ni yake.

Hao akina mama wa kwenye simu waache. Picha inapigwa pembe moja ya chumba, na hujui nani amemshika mtoto wakati inapigwa. Wapo pia wanaolipwa kuonesha hizo nyuzi na hizo meza. Ukiona kila ukizitazama unajiona duni, funga.

Mashairi nayafurahia kuliko unavyofikiri, na wala hayahitaji muda mwingine. Kufua kuna mwendo wake, na mizani nane zinaingia vizuri ndani ya mwendo huo. Si ajabu yakujie hapo. Ubeti mmoja wa mishororo minne unatungika na kukaa kichwani mpaka nguo ziishe, mradi uutamke kwa sauti. Mtungie mwanao. Mtoto wa miaka miwili anapenda vina, anashika neno la mwisho na kulirudia, naye ndiye atakayekukumbusha ubeti ulioupoteza. Nunua daftari dogo, lifunge kamba pamoja na penseli, litundike jikoni mbali na moshi, na juu mikono yake isipofika. Kama mikono ina sabuni, jirekodi kwa sauti kwenye simu, uandike usiku. Usiyaoneshe kwa mtu mpaka utakapotaka mwenyewe.

Jambo la mwisho naliuliza kama mama. Umesema unafoka, na kwamba usiku huna macho. Huo ni uchovu, na naamini yale niliyoyasema yataupunguza. Lakini ukiona wiki mbili zimepita unalia bila sababu, hulali hata mtoto akilala, chakula hakipiti, au umeipata nafasi na bafta iko mkononi na bado huoni raha yoyote, hiyo inaweza kuwa sonona, na huwapata akina mama wengi, hata mtoto akiwa ameshatembea. Inatibika. Mweleze muuguzi wa kliniki unakompeleka mtoto kupima uzito, au fika hospitali ya Bombo umwone daktari. Usione haya, na usingoje mtu akuruhusu.

Anza na sumaku na kopo, kesho. Keshokutwa, alasiri, kaa barazani. Kisha niandikie uniambie mama mkwe amekuanzisha na chane ngapi, maana huku kwetu tunabishana kama mwanafunzi aanze na tano au saba, na ningependa kusikia mtu wa Ngamiani anasemaje.

Wasalaam,
Somo wako